Kiapo Kisicho na Inshallah

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025. Manyunyu yalikuwa yakianguka Ilford, London, tangu alfajiri, membamba kama unga uliochekechwa, na Mwanamwema alitia udhu mara ya pili kabla ya kuvaa buibui lake jipya.

"Mama, huendi kusali, unaenda town hall kula kiapo cha uraia," alisema mwanawe, Muhsin.

"Kuapa nako ni ibada. Usinicheke."

Juu ya kabati lilikaa sanduku la marehemu mumewe, Hamad. "Mwakani tunarudi Pemba," alikuwa akisema kila Idi, na kwa neno hilo hawakununua hata kochi la maana. Uraia wa Uingereza yeye aliukataa. "Kiapo ni kama mate, mke wangu. Kikitemwa hakirambwi."

Lakini sasa dada yake Mwanamwema, Ummukulthum, yuko kitandani huko Wete, Pemba, hana mtoto wa kumgeuza ubavu. Na Mwanamwema akikaa huko zaidi ya miaka miwili, kibali chake cha ukaazi kinakufa, wajukuu atawaona kwenye simu tu. Ili aende kwao na aweze kurudi, ilimbidi kwanza awe Mwingereza. Na kwao hawataki pasipoti mbili. Ataingia Pemba kwa viza, kama mgeni.

Varsha, jirani mzaliwa wa Nairobi, alikuja kumsindikiza.

"Sisi Wahindi wa Kenya tulikuja mwaka sitini na nane na pasipoti za Malkia, Mama Muhsin, na bado walifunga mlango nyuma yetu! Wewe apa, halafu maliza na inshallah yenu. Si mnaitia kila mahali?"

Mwanamwema alicheka, lakini moyo ulimshtuka. Alifundishwa tangu utotoni kwenye chuo cha Kurani: kiapo ukikitia inshallah, hakikufungi; neno hilo ni la ahadi za kesho. Na ulimi wake ulilitamka neno hilo hata akiagiza mkate.

"Ya Rabbi, uzuie ulimi wangu," aliomba alipoingia ukumbini.

Akasimama na wenzake waliokuja kuapa. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa mtiifu kwa Mfalme, neno kwa neno, kisha akauma midomo. Inshallah ilifika kwenye meno, ikarudi.

"Hukuisema?" Varsha alinong'ona.

"Sikuisema. Walionistiri siwaapii nusu."

Akampigia dada yake. Uso uliokonda ukatokea kwenye simu, ukitabasamu. Mbele ya Varsha, Muhsin na msajili aliyewaapisha, aliyekuwa akikunja bendera, Mwanamwema alipaza sauti:

"Dada, leo nateremsha sanduku la Hamad. Nakuja Wete kukuuguza, na sitakuacha peke yako, inshallah."