Chupa Zenye Kitovu

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga juu ya mbabula, jiko lake la makaa, ti-ti-ti, kabla jogoo wa jirani hajaamua kama kumekucha. Mama Adolphine alikisogeza kwa ncha ya kitenge ili mvuke upate njia, akatia majani ya chai, kisha akabeba ndoo kwenda kunywesha mboga zake. Lakini kwanza alisalimia chupa.

Marehemu mume wake, Kalombo, alikuwa fundi wa mabomba. Kila alipochimba mtaro karibu na nyumba za wazungu wa zamani alikuta chupa kwenye majalala yaliyofukiwa, akazileta nyumbani moja moja ndani ya koti, kama mtu anayebeba kifaranga. Akazipanda shingo chini, kitako juu, kuzunguka tuta la lengalenga, mchicha wa huko, mbele ya nyumba yao pale Musonoi, Kolwezi: za kijani, za kahawia kama chai kali, za bluu kama sare ya polisi. Baadaye kazi ikampeleka Kisenge, kwenye machimbo ya manganizi, na Kisenge haikumrudisha. Kaburi lake liko huko. Barabara ya kwenda ni mbaya, na magoti ya Adolphine ni mabaya zaidi, kwa hiyo alimtembelea hapo kwenye tuta. Hakuwa na kitu kingine kilichopangwa na mikono ya Kalombo.

Asubuhi hiyo mtu alikohoa kwenye ua, kikohozi cha adabu. Alikuwa Tata Philippe, muuguzi mstaafu wa Likasi, aliyekuja Kolwezi kwa ubatizo wa mjukuu. Suruali yake ilipigwa pasi hata ungeweza kukatia mkate.

"Hodi, mama. Samahani sana. Naweza kuangalia bitako bya chupa zako?"

Ni swali ambalo mjane haulizwi kila siku.

"Ingia, tata. Ziko tu pale, hazikimbie."

Philippe alipiga magoti kwenye udongo, akatoa kioo cha kukuzia, akakagua kitako kimoja kimoja. Alikuwa mkusanyaji wa chupa za kale. Mkewe alishamwambia achague kati ya chupa na kabati, naye akauza kabati.

"Chupa ya mashine iko na mushono, unapanda mpaka ku mudomo," alisema. "Hii haina. Na hapa chini, gusa, mama. Kovu. Fundi aliishika na fimbo ya chuma akimaliza kutengeneza mudomo, kisha akaibandua ile fimbo. Hiki ni kitovu chake."

"Kumbe ilizaliwa."

"Ilizaliwa na pumzi ya mutu. Hii ya kijani, ya pembe ine, mabega mapana kuliko kitako, ilikuwa ya pombe kali. Imepita miaka mia na mingi. Hii ya kahawia ni mudogo wake: mushono wake unaishia ku shingo, mudomo ukamalizwa na mukono. Yeye ni wa wakati wa kujenga reli. Na hivi biputo ndani ya kioo, unabiona? Ni pumzi ya ule fundi. Ingali mule."

Adolphine aliinama mpaka magoti yakalalamika. Miaka yote hiyo alikuwa amemwagilia maji pumzi ya mtu.

"Na hii ya bluu?"

"Bluu hiyo, mama, ni kobalti. Wanaitia ndani ya kioo."

Ilikuwa kweli tupu. Lakini hata kweli ina mahali pake, na Kolwezi, mji unaochimba kobalti hata chini ya vitanda, neno hilo halisemwi karibu na ua. Nyuma ya ua, jirani yake Mama Micheline alikuwa anaanika shuka na kusikia yote. Katika mji huu mwanaume mwenye suruali ya pasi hupiga magoti kwa sababu mbili tu, na huyu hakuwa na rozari.

Kabla ya kuondoka Philippe alifuta kila kitako kwa leso yake mwenyewe. Hakuomba kununua. Adolphine aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Kufikia saa sita cité nzima, mtaa wote wa Musonoi, ilijua kwamba chupa ni madini. Kufikia jioni kulikuwa na kooperativi, yenye rais, makamu watatu, mhuri, na makundi mawili yasiyosemezana. Rais alikuwa Dodo, ambaye kabla ya hapo alikuwa rais wa timu ya mpira isiyo na mpira. Alitembea na mashine ya kupima madini ambayo betri yake ilikufa zamani. Aliigusisha kwenye chupa, akafumba macho, akatikisa kichwa kama daktari.

"Bluu ni kobalti," alifundisha. "Kijani ni shaba. Kahawia ni manganizi ya Kisenge, ilikuya kututembelea."

"Na ile nyeupe?" mtu aliuliza.

"Nyeupe ni litiamu. Tunyamazie kwanza, wageni wasisikie."

Na kwa kuwa Kolwezi jiwe haliuzwi zima, walifanya walivyozoea: waliponda, wakaosha mtoni, wakajaza mifuko. Zikapondwa chupa za dawa ya kikohozi, za manukato ya arusi, za bia ambazo zingerudishwa dukani zikaleta bia nyingine. Mchungaji mmoja alishikilia chupa yake ya mafuta ya upako mpaka wimbo wa tatu, kisha naye akaitoa, akasema imani lazima ijengewe kanisa. Chupa za kale, zile zenye kitovu, zilikuwa za kwanza kupondwa, kwa kuwa zilikuwa nene.

Siku ya tatu Dodo alisimama mbele ya tuta la Adolphine na wachimbaji sita, nyundo mkononi, na cité nyuma yao.

"Mama, ni heshima kubwa," alisema. "Lakini sheria ni sheria. Chupa ikiwa juu ya meza, ni yako. Hizi zako shingo iko ndani ya udongo. Na kitu cha chini ya udongo ni cha Serikali."

"Na wewe ni Serikali?"

"Serikali haikupata nafasi leo. Ilinituma mimi."

Watu walicheka kidogo, maana waliona haya. Adolphine hakucheka. Aliificha mikono yake ndani ya kitenge.

Mchimbaji wa mbele, kijana mrefu aliyeitwa Merdi, alikuwa ametoka mbali, Kasai huko. Aliinua nyundo, akaona tuta refu la mstatili, kiasi cha mtu aliyelala, chupa zimelizunguka shingo chini jinsi watu wa kwao wanavyozungushia makaburi ya wafu wao. Nyundo ikashuka pole pole.

"Mama," aliuliza, "hapa ni pa nani?"

"Pa bwana yangu, Kalombo."

Merdi alivua kofia. Wengine watano wakavua zao. Mmoja akarudi nyuma hatua kadhaa, akijipangusa miguu.

Adolphine alifungua mdomo. Hakuwahi kusema uongo kwa watu wenye kofia mkononi. Lakini macho yake yakakutana na ya Micheline, ambaye alijua vizuri Kalombo alizikwa wapi, kwa kuwa alichanga kwa matanga na kulia siku mbili. Micheline aliangalia chupa, akaangalia mikono iliyofichwa kwenye kitenge. Kisha akaingia nyumbani kwake, akarudi na maua ya plastiki ya meza yake ya sebuleni, akayaweka katikati ya lengalenga, na kuanza kuimba wimbo wa wafu.

Cité nzima ikaitikia. Dodo, ambaye hakuna mkutano uliowahi kumpita bila hotuba, alisema Tata Kalombo alikuwa rafiki wa kwanza wa kooperativi na kwamba alikufa akiiulizia. Makamu watatu walipiga saluti mbele ya mboga.

Wiki iliyofuata mnunuzi wa madini kwenye depo alifungua mfuko wa kwanza, akauliza nani aliyemletea chupa zilizovunjika, akaufunga. Kooperativi ikavunjika, mhuri ukabaki. Akina mama wa Musonoi wakaanza kutafuta mahali pa kuweka mafuta. Philippe, aliporudi kuaga, alitembea mtaa kwa mtaa akiokota vitovu kwenye vifusi, na hakumlaumu mtu. Kwa Adolphine alikuta ukingo wa chupa ungali mzima, akakaa chini, akaomba maji ya kunywa.

Jua lilikuwa linashuka siku Merdi alipopita peke yake, na kumkuta Adolphine ndani ya kaburi, anachuma lengalenga.

Kisu cha Adolphine kilibaki hewani. Merdi aliangalia mboga, akaangalia sufuria iliyosubiri, kisha akachuchumaa upande wa pili na kuanza kung'oa magugu.

"Tata Kalombo anachunga mboga muzuri," alisema.

"Alikuwa mulaji."

Walifika kwenye chupa ya kijani. Adolphine alimshikisha kidole kwenye kitovu, akamwonyesha viputo. "Pumzi ya mutu," alisema. "Alipuliza, akakufa, na pumzi ingali mule."

Merdi, ambaye hukohoa vumbi jekundu kila asubuhi, alisogeza jicho karibu na kioo.

"Alikuwa na kifua kizuri," alisema. "Na bwana yako alijua kupanga. Zote ziko sawasawa."

Tangu Kalombo aende, hakuna mtu mwingine aliyewahi kusema hivyo. Adolphine aliweka majani kwenye sufuria, akageukia mbabula ili kijana asimwone uso.

"Nitasonga bukari sasa hivi, utakula," alisema. "Na Jumapili, siku ya Yenga, kisha misa, unipitie tena, mutoto wangu. Upite tu, hata kama hauna neno la kusema."