Gogo la Kipkosgei

Kila Alhamisi, Chepngeno akishapeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia, huteremka na chupa ya chai ya maziwa hadi kwenye gogo lililolazwa njiani chini ya kijiji cha Kimulot. Upande wa pili huwa ameketi Phelis. Chepngeno huvuka bila taabu, maana gogo linamfika magotini. Phelis akiinua mguu, gogo huinuka hadi kifuani. Akiushusha, nalo hushuka. Walishazoea.

Gogo ni la mwaka wa tisini na mbili, wakati makabila yalipofukuzana mashambani. Kipkosgei, sajini mstaafu, aliwafundisha vijana kwamba hakuna haja ya kumpiga adui; mzuie tu kufika. Asiyefika hana shamba. Wakaangusha mkaratusi, wakaulaza njiani, naye Kipkosgei akausomea amri ya kumzuia adui, kama anavyosomewa askari wa lindo. Adui mwenyewe alikuwa Phelis, mjane, ambaye siku hiyo alikuwa mjini Litein akiuza ndizi. Nyumba yake, chai yake na kaburi la mumewe Ombati vikabaki ndani ya gogo.

Chai isipochumwa hugeuka kichaka, kwa hiyo Chepngeno alijitolea kumchumia mpaka atakaporudi. Watu walimsifu, wakasema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Miaka minne ikapita hivyo.

Alhamisi moja Kipkosgei alikuja akikohoa. Kifua kilikuwa kimemwisha na hakutaka kufa na lile jambo. Alisimama wima mbele ya gogo, akapiga saluti, akafuta amri yake kwa sauti. Phelis akainua mguu. Gogo likainuka vilevile.

"Hii kitu hainisikii tena," Kipkosgei alisema. "Inasikia mwenye ameshika shamba."

Wote wawili walimtazama Chepngeno. Aliweka chini kikapu chake cha kuchumia chai, akaweka mkono juu ya gogo.

"Wacha apite," alisema. "Huyu ni jirani yangu. Nampenda."

Alikuwa analia, na kweli alimpenda. Gogo likapanda hadi kikabaki kuonekana kitambaa cha kichwani cha Phelis tu. Kipkosgei alivaa kofia yake, akaenda nyumbani. Mambo mengine yanauma na hayana dawa.

Chepngeno alimimina chai, akanyoosha mkono juu ya gogo na kikombe. Phelis alikipokea.

"Mama, majani ya leo yalikuwa mazuri?" Phelis aliuliza kutoka upande wa pili.

"Mazuri. Mvua imekuwa nzuri."

"Na pale alipolala Ombati?"

"Nilipanda chai hapo, Mama. Nafasi ilikuwa inakaa bure."

Phelis alimaliza chai yake polepole, akarudisha kikombe, akashika njia ya Litein. Alipopotea kwenye kona, gogo lilishuka hadi magotini, na Chepngeno akaketi juu yake kumalizia iliyobaki kwenye chupa.