Koti la Mwaba, Siku Lilipofuliwa

Nikutegee kimoja kwanza, ndipo twende safari. Ninacho mchana na usiku, hakinilemei. Mkono wa kila mtu unakifikia, pua yangu peke yake haikifikii. Ni kitu gani? Usijibu haraka. Jibu lake liko Mitwaba, na kutoka Élisabethville mpaka Mitwaba ni siku tatu juu ya mizigo ya kamyo, lori la kwetu.

Mimi ni mbwa. Jina langu Baseme, yaani waseme. Bwana wangu, mzee Mwaba, aliniita hivyo kwa sababu ya majirani wa kambi ya wafanyakazi. Siku ya posho alinipa mfupa wenye nyama, nao wakaanza: "Angalia, Mwaba analisha imbwa nyama, na bantu beko na njaa!" Alisimama mlangoni akaniita mpaka kambi nzima ikasikia: "Baseme! Baseme, kuya kula!" Toka siku ile, kila akiniita anakuwa amewajibu.

Alikuwa mtu wa tanuru la shaba. King'ora kikilia jioni, mimi nilikuwa tayari kwenye kona ya barabara, pua juu. Wanaume walitoka mamia, wote na moshi uleule, lakini moshi wa Mwaba ulikuwa na tumbaku ya kusokota ndani yake, na grisi, na jasho lake mwenyewe. Akifika anakaa kwenye kiti cha nje, ananitegea kitendawili, kila siku kilekile: "Nikienda anaenda, nikikaa anakaa, giza likiingia ananikimbia."

"Kivuli!" watoto wa jirani walipiga kelele.

"Njo, kivuli," alisema. Mimi niliweka kidevu changu juu ya mguu wake, akacheka.

Halafu macho yake yakaanza kufa. Mkataba ukaisha, akapelekwa kwa kaka yake, Mitwaba. Mke wake, Mama Jeanne, alibaki kambini kwa sababu binti yao Régine alikuwa na mimba ya kwanza, na mama hamwachi binti katika hali ile. Mimi nilibaki kwa sababu kamyo ile haikupakia mbwa. Mwaba alivua koti lake la kazi, akalitandika chini karibu na mlango, akalipapasa kwa mkono.

"Lala apa, Baseme. Mutanifuata."

Nililala pale mwaka mzima. Usingizi ukikataa, nilisukuma pua ndani ya kwapa la koti lile, naye alikuwemo. Alikuwa anapungua kidogo kidogo, ndiyo, lakini alikuwemo.

Régine akazaa mtoto wa kiume, mtoto akapata nguvu, na Mama Jeanne akapata kamyo ya kumpeleka kwa bwana wake. Siku moja kabla ya safari akaliokota koti, akalikung'uta.

"Eh! Nimufikie bwana yangu na chafu ya namna hii? Bibi ba Mitwaba batasema nini?"

Kwao mke anayerudi kwa mumewe harudi na nguo ya mumewe ikiwa chafu. Ni aibu ya ukoo wake wote. Basi akalifua. Sabuni mara mbili, akalianika, akalipiga pasi ya makaa. Mimi nililia mpaka mbuzi wakashituka.

"Nyamaza weye! Angalia, iko mupya!"

Nikanusa. Sabuni. Makaa. Jua. Kwapani, sabuni tena. Mwaba hayumo.

Ndivyo nilivyoanza safari mikono mitupu, kama mbwa angekuwa na mikono. Hofu yangu ilikuwa moja tu: nitamjuaje? Kule Mitwaba wanaume ni wengi, na yule wangu alikuwa ameondoka na maji ya sabuni.

Shofere, dereva wa kamyo, aliitwa Amisi, mtu wa Maniema, kofia nyeupe, anasali mara tano kwa siku. Aliponiona alirudi nyuma hatua mbili.

"Mama, huyu imbwa asiniguse. Mate yake ikinifika, nitanawa mara saba, na moya kati yake na udongo."

"Basi ubebe mayi ya kutosha, Bwana Amisi," Mama Jeanne alisema. "Huyu analambaka bantu anabapenda, na weye uko na sura ya kupendwa."

"Apande juu, kwa chumvi na samaki."

Nikapanda juu. Tulipita Jadotville, nikasikia moshi wa viwanda vingine, nikanyanyuka: bado si yeye. Baada ya pale vumbi jekundu, majani yaliyoungua, nyani, mvua ya mbali. Kila kijiji kilikuwa na bukari yake, ugali wa kwetu, na mbwa wake, na kila mbwa alinitukana nikipita. Nilikuwa najaribu kukumbuka tumbaku, na tumbaku haikuja. Ilikuja sabuni.

Siku ya pili tulifika mto Lufira. Kamyo ilisubiri kivuko. Ndipo upepo ukaniletea moshi wa shaba, grisi, jasho! Niliruka kabla akili haijafika. Nikakimbia kando ya mto, nikapita wanawake wenye vikapu, nikamfikia mtu mwenye nguo za buluu amekaa juu ya sanduku lake, nikamrukia magotini.

"Toka! Imbwa ya nani hii?"

Alikuwa mtu wa tanuru, ndiyo, anaenda likizo kwao. Tumbaku hana. Macho yake mazima. Si wangu.

Nilipogeuka, kivuko kilikuwa katikati ya maji na kamyo juu yake, na Mama Jeanne anapiga kelele: "Baseme! Baseme!" Nikaingia mtoni.

Watu wa kivuko walilia, "Mamba! Mamba!" Sikuona kitu, maji yalikuwa masikioni. Halafu mkono ukanishika shingoni, kwenye mkanda wangu, ukaninyanyua kama mfuko wa chumvi. Ulikuwa mkono wa Amisi. Nami, kwa shukrani, nikamlamba mpaka kwenye kiwiko.

Kivuko kizima kilicheka. Ng'ambo Amisi alichuchumaa, Mama Jeanne akammiminia maji, naye akahesabu. Ya kwanza alijisugua na udongo wa mto.

"... ine, tano... Mimina muzuri, mama."

"Utamaliza Lufira yote!"

"Mukono nitaosha, mama. Ningemuacha mamba amukule, ningeosha nini?"

Siku ya tatu, mchana, tukafika. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya paa la nyumba, uso wake umeelekea mahali ambapo sisi hatukuwepo. Nikanusa. Mbuzi, mihogo ya kulowekwa, dawa ya miti. Hata sauti yake, alipoitika salamu ya mke wake, ilikuwa imekonda. Nikabaki nimesimama.

Mama Jeanne alipiga magoti, akampa koti kwa mikono miwili. Akalipokea, akalipeleka puani. 

"Mama Régine, uliifua," alimwambia mke wake.

"Mara mbili, baba."

"Mm. Iko safi." Akalikunja polepole, akaliweka pembeni.

Huzuni ile niliijua. Ilikuwa yangu, ile ya siku ya sabuni. Nikamsogelea. Vidole vyake vikanipata sikioni, vikashuka, vikakutana na mkanda, ule alioukata kutoka mshipi wake wa kazi nilipokuwa mtoto. Akainama, akauinua, akaingiza pua chini yake, kwenye manyoya, pale ambapo pua yangu haijafika hata siku moja. Akavuta pumzi.

"Iko grisi," alisema. "Iko kambi yetu... Iko tumbaku yangu!"

Akasema kwa sauti ya chini, "Nikienda anaenda. Nikikaa anakaa. Giza likiingia..."

Hakumaliza. Nikaweka kidevu juu ya mguu wake.

Mama Jeanne alikuwa ameshaita maji. "Baba, muache kwanza nimuoshe, ananuka samaki ya siku tatu!"

"Apana, mama Régine," Mwaba alisema, na mkono wake ukaushika mkanda wangu. "Huyu usimufue."