Babu Ameitika

Sabina wa Buhongwa alimweleza mama wa kitanda cha jirani kwamba sauti ya marehemu mumewe angeitambua hata katikati ya ngoma kumi. Kisha akaongeza mwenyewe kwamba mwaka fulani alimwitikia beberu wa watu akidhani ni mumewe, tena akamwekea ugali. Chupa ya uji ilikuwa mapajani. Mbele yake mjukuu wake Mashimba, mwenye miaka minne na jina la babu yake, alikuwa amechoka kupumua kwa nimonia.

Daktari Teodora alimpitishia mtoto mpira wa kupumulia kooni. Mpira huo ukifika kwenye njia ya hewa, mtoto anapumua. Ukiingia njia ya chakula, unajaza upepo tumboni na mtoto anakufa. Kipo kifaa cha kuonyesha kama pumzi inatoka kweli; hulia kwa kila pumzi. Bwana Chenge, msimamizi wa vifaa, alisema kimepelekwa Dar kutengenezwa.

Basi Teodora akasikiliza kifua. Nje jenereta lilinguruma, hakusikia kitu. Midomo ya mtoto ikaanza kuwa ya bluu.

"Mwite jina," Sabina akasema. "Kwetu aliyerithiwa jina huitika."

"Mashimba!"

Kimya. Tumbo tu ndilo lililopanda. Teodora akauchomoa mpira, akampa mtoto hewa kwa barakoa, akaupitisha upya.

"Mashimba!"

"Naam," babu akaitika ndani ya mpira. "Lakini mama, umenisukuma mno. Nimebanwa chumba cha mkono wa kulia, cha kushoto hakina mtu."

Teodora akauvuta kidogo. Kifua kikapanda pande zote mbili. Akaufunga kwa plasta, akaandika kwenye faili: babu ameitika.

Tangu hapo, kila jioni, Sabina aliinamia mpira wakazungumza. Mzee aliuliza kama feri ya Kamanga bado inanuka dagaa na dizeli. Akaitamani michembe ya mama yake, viazi vile vikavu, iliyopikwa kwa karanga. Akakumbuka ngoma za sikukuu ya Bulabo, Sabina alipocheza mpaka kiatu kikamruka.

"Na hukukirudisha," Sabina akasema.

"Ningekirudisha ungeondoka."

Mtoto akapata nguvu. Teodora akasema kesho mpira utatolewa. Sabina akasema ni vizuri, akamimina uji, akausahau mpaka ukaganda.

Jioni hiyo Chenge alipita wodini. Akauinamia mpira kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kile kifaa kimerudi? Mimi kesho naondoka, na si kila mtoto ana babu wa kuitika. Wengine siku hizi wanapewa majina ya kwenye runinga."

"Bado, mzee. Kiko Dar."

"Dar hiyo iko kabatini kwako? Nimekiona nikija huku. Kina utepe mwekundu, kinangoja mgeni rasmi aje kukizindua."

"Kabati lile lina mashuka tu, mzee wangu."

Mtoto akatoa pumzi. Kutoka ofisini kwa Chenge, ng'ambo ya ukumbi, kitu kikalia: pii. Mtoto akatoa nyingine. Pii. Muuguzi aliyekuwa akikunja nguo aliendelea kukunja.

Chenge akausukuma ufunguo wa kabati chini zaidi mfukoni, akasema hiyo ni simu yake.

Simu alikuwa ameishika mkononi, imeisha chaji.