Seredani Chumbani kwa Bwana Soud

Bwana Soud alikuwa mtu wa kuota mchana. Mwaka 1974 alikwenda Lebanoni kutibiwa macho, akawaona Waarabu wenzake wakiteremka mlima wa theluji kwa mbao mbili miguuni. Alirudi Oman na jozi ya mbao hizo na wazimu ambao haukumtoka tena. Alijenga nyumba ya wageni juu ya Jabal Akhdar, akaiita Nyumba ya Theluji, na mbao zake akazitundika ukumbini. Theluji yenyewe ilikuja mara mbili katika miaka tisa, ikayeyuka kabla ya adhuhuri. Wageni walikuja wakati wa kiangazi kukimbia joto la Maskati, na wakati wa baridi hakupanda mtu mwenye akili zake.

Asubuhi moja ya Januari 1983, baada ya siku mbili za mvua ya mawe, Bwana Soud alikutwa amekufa kitandani. Jua halijatoka vizuri, Amur mwana wa Ghalia alikuwa ameshafungwa kamba ghalani.

Ghalia ndiye aliyekuwa mpishi wa nyumba ile. Alikuja Oman kutoka Wete, mjane, na mtoto mmoja mgongoni, ndiye maisha yake yote. Hakuwa na ndugu, hakuwa na shamba, alikuwa na Amur basi. Wengine waliokuwamo ndani ya nyumba siku zile walikuwa wawili: Thuwaini msimamizi, aliyezaliwa na kukulia Kigali, na Musallam mlinzi, mtu wa mlima ule ule.

"Kahawa ya mwisho alipelekewa na Amur," Thuwaini alisema, akikaza fundo la kamba. "Na juzi sote tulimsikia akimtishia. Afisa akija atamchukua, atateremka naye Nizwa. Finish."

Hilo la kutishia lilikuwa kweli, na ndilo lililomkata Ghalia maini. Amur alikwenda kumposa Azza, binti wa Bwana Soud aliyekuwa akikaa Nizwa. Mzee akacheka mpaka akapaliwa, akasema mtoto wa mpishi hana ukufu na binti yake, nasaba hazilingani. Amur akamjibu mbele ya watu wote, "Mungu atakuonyesha." Neno la kijana aliyeaibishwa, halina uzito wa unyoya. Lakini ukishakuwa na maiti ndani ya nyumba, kila neno huwa zito.

Ghalia alisimama nyuma ya mlango wa ghala. "Mwanangu, nambie miye. Ulitia kitu?"

"Wallahi mama, nilitia hiliki."

Alimwamini. Kumwamini kulikuwa rahisi, ila kuamini kwake hakumfungui mtu kamba. Barabara ilikuwa imekatika kwa mawe na maji, lakini wanajeshi wa kambi iliyokuwa jirani walikuwa wameshapeleka habari chini kwa simu ya upepo, na afisa alikuwa njiani, kwa gari mpaka litakapokwama, kisha kwa miguu. Ghalia alipiga hesabu ya saa zilizobaki akaona ni chache.

Thuwaini alitaka maiti izikwe upesi, na nani angembishia, maiti ya Muislamu haiwekwi. Musallam ndiye aliyeachiwa kazi ya kumwosha, maana wanaume wengine waliokuwapo mmoja alikuwa amefungwa na mwengine alisema hawezi. Ghalia si maharimu wa Bwana Soud, hata kuchungulia asingeweza. Alingoja uani kwenye barafu, ndala miguuni, mpaka Musallam akatoka na ndoo.

"Umeona nini mwilini mwake?" alimwuliza.

"Kwa nini waniuliza?"

"Kwa sababu watamnyonga mwanangu."

Musallam aliitua ndoo. "Mwekundu, ee mama Amur. Mashavu, kifua, kucha, mwekundu kama mtu aliyetoka hamamu. Sumu ya chakula haifanyi hivi. Nimeosha wachungaji watatu wa namna hii. Wote walilala pangoni na makaa, wakaziba mlango kwa baridi."

Makaa ya Bwana Soud aliyapeleka Ghalia mwenyewe.

Jana yake, baada ya magharibi, aliibeba seredani kwa mikono yake miwili, ikiwa na makaa mekundu na kijipande cha udi juu, akaiweka miguuni pa kitanda cha mzee. Alifanya hivyo kwa huruma. Mtu wa pwani anajua nini juu ya makaa? Pemba seredani hukaa ukumbini, uani, jikoni, na nyumba zote zina upenyo wa kupita paka. Hakuna aliyewahi kufa kwa seredani Wete. Alikaa chini pale pale kwenye barafu akalia bila sauti. Nimeua, alijiambia, nimeua miye na atakufa Amur.

Alilia hivyo kitambo, kisha akaanza kukumbuka, na kila alichokumbuka kilimkausha machozi.

Dirisha aliliacha wazi kiasi cha shubiri, ili moshi wa udi utoke. Nje ya kila dirisha la nyumba ile palikuwa na kibao cha chuma cha kuzuia mawe ya mvua, na komeo lake lilikuwa upande wa barazani. Mwenye kulala ndani hawezi kulifunga hata akitaka, na jioni ile kibao kilikuwa wazi. Na asubuhi, Bwana Soud alipoitwa asiitike, Thuwaini hakuingia mlangoni ingawa mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukukomewa. Alizunguka barazani. Ghalia alilisikia komeo likifunguliwa. Kisha Thuwaini akasimama nje kwenye mawe ya mvua, muda wa mtu kusali rakaa mbili, ndipo akaja mlangoni akaingia.

Na nani aliyemwambia apeleke seredani? Thuwaini. "Mpelekee mzee moto, Bi Ghalia, anatetemeka." Thuwaini huyo huyo, wiki ya kwanza ya Ghalia mlimani, aliisukuma nje kwa mguu wake mwenyewe seredani aliyomwekea chumbani kwake, akamwambia kwao Kigali mtu halali na makaa, bila kumweleza sababu.

Sababu pia aliijua, ila alikuwa hajaitia maanani. Kwa kidirisha cha jikoni aliwasikia Thuwaini na mzee wakizozana alasiri ya jana. Thuwaini alipokuja kutoka Kigali hakuwa na karatasi, na Bwana Soud alimshuhudia mbele ya sheikh kuwa ni mtoto wa ami yake, akapata pasi. Sasa mzee amegundua kuwa si wa kabila lile wala la jirani. "Barabara ikifunguka nateremka Nizwa kuufuta ushahidi wangu," alisema. Kwa Thuwaini huko ni kubaki hana nchi.

Yote hayo Ghalia alikuwa nayo kichwani, na kichwani hayamsaidii mtu. Mpishi dhidi ya msimamizi, na tena mama wa mshitakiwa. Nani angemsikiliza?

Afisa Ghanim alifika karibu na adhuhuri, mzee ameshazikwa. Alikuwa amelowa mpaka magotini, meno yanagongana. Alikuwa kijana wa Sur, wazee wake wa Unguja, na alipomwona Ghalia alisema, "Shikamoo, mama," hata Ghalia akataka kumwangukia miguuni. Hakuanguka. Alimwacha aingie ofisini na Thuwaini kuandika maelezo, naye akaenda jikoni.

Aliijaza seredani mpaka juu. Aliingia nayo, akaiweka katikati ya chumba kile kidogo. Akafunga dirisha, kibao cha chuma alikuwa ameshakifunga kutoka nje. Akafunga mlango, akasukumiza kanga yake chini ya mlango kwa mguu, akakaa juu ya kibago pale pale mlangoni.

"Ah, umefanya la maana," afisa alisema, akinyoosha mikono.

Thuwaini aliitazama seredani. "Bi Ghalia, fungua dirisha kidogo."

"Baridi, bwana. Mtoto wa watu amelowa."

"Mwache mama," afisa alisema. "Haya, kahawa aliipeleka saa ngapi?"

Thuwaini alijibu. Akaulizwa tena, akajibu. Kalamu ya afisa ilikwenda polepole, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Ghalia alianza kusikia kichwa kikimgonga. Akawaza kwamba huenda wakafa wote watatu, na Amur kamba mkononi asijue nani wa kumfungua. Akasoma aliyoyajua kimoyomoyo. Hakuinuka. Thuwaini alikuwa anatokwa na jasho, macho yake yanakwenda dirishani na kurudi.

"Nasikia usingizi," afisa alisema, akajifuta uso. "Ni uchovu wa njia."

Thuwaini aliruka. Alilivuta dirisha, akakikuta kibao kimefungwa, akakipiga kwa bega mara mbili mpaka komeo likang'oka, akatoa kichwa nje anavuta pumzi.

"Una nini weye?" afisa aliuliza.

"Makaa yanaua! Ndani ya chumba kilichofungwa yanaua, hamjui nyinyi watu wa pwani?"

"Wala sikujua," Ghalia alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Yeye alijua. Mwulize kwa nini jana aliniamuru nimpelekee mzee makaa, kisha akafunga kibao kwa nje. Mwulize Musallam maiti ilikuwa rangi gani."

Afisa Ghanim aliinuka akafungua mlango, akamwita Musallam. Musallam alieleza alichokiona alipokuwa akiosha. Thuwaini alisema ni uongo, kisha akasema komeo lilijifunga kwa upepo. Afisa alikwenda mwenyewe barazani kulitazama lile la chumba cha mzee, akalisukuma na kulivuta. Halikuwa la kujifunga.

Amur alifunguliwa. Alikuja ukumbini akisugua mikono, akamkumbatia mama yake, na Ghalia akamshika kichwa kama alivyomshika siku ya kumzaa.

Afisa alikuwa amekaa tena, daftari wazi. Hakumtazama Ghalia alipouliza. "Thuwaini alifunga dirisha. Amri yake nimeisikia, lakini seredani chumbani mwa marehemu iliingizwa na nani? Lazima niandike jina."

Musallam alitazama sakafu. Thuwaini, pingu mikononi, alimtazama Ghalia, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

"Mama, nyamaza," Amur alisema.

"Niliiingiza miye," Ghalia alisema. "Ghalia binti Khalaf. Andika."