Maji ya Bi Hindu

Siku ile mjinga wa darasa alikuwa mwalimu. Watoto walikuwepo, tena wengine wa kuhesabu vidole vyao na kupata jibu jipya kila mara, lakini ujinga wenyewe, ule ulioiva, ulikuwa wa Feruzi, na hata yeye hakuwahi kumtafuta wa kumsingizia.

Feruzi hakusomea ualimu. Alikuwa mtia kuni kwenye meli ya Wadachi, mpaka siku bomba lilipopasuka na mvuke ukamla mkono wa kushoto. Aliposhushwa Rumonge, kando ya ziwa, hana kazi wala hana ngozi, boma lilikuwa linatafuta mtu anayejua kusoma, awafundishe watoto wadogo wa mwambao. Waliojua zaidi yake walikataa, akapewa yeye. Hakulalamika. Alikuwa na mdomo wa utani usiolala, na watoto walimpenda kwa hilo, isipokuwa yule ambaye zamu yake ya kutaniwa ilikuwa imefika.

Juma lile zamu ilimwangukia Asya, mtoto mdogo, mkimya, aliyelelewa na bibi yake, Bi Hindu, mjane wa Hadji Amur.

"Vitu vya dunia ni namna tatu," Feruzi aliwaambia. "Kuna kigumu. Jiwe, ukiliweka hapa asubuhi, jioni unalikuta hapa hapa, kama mjomba aliyekuja kusalimia tu. Kuna cha majimaji. Hicho hakina umbo lake, kinaazima la chombo. Na kuna mvuke. Huyo hana adabu, anaondoka bila kuaga." Akakunja mkono wa kanzu, akawaonyesha kovu. "Mimi lakini aliniaga."

Wakacheka. Akawaagiza kila mmoja alete kutoka kwao kitu kinachomiminika.

Kesho yake Asya alikuja na kikombe cha mawese. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, asubuhi ikawa na ubaridi, na mawese yakaganda njiani. Alipoinamisha kikombe mbele ya wenzake, hakikutoka kitu.

"Nimeomba kinachomiminika, mama mukubwa," Feruzi alisema, "wewe unaniletea sabuni? Tukuogeshe nayo hapa hapa?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Asya alikirudisha kikombe kifuani akakaa. Feruzi angeweza kuwaambia watoto, na hili ndilo lililomuuma kwa muda mrefu baadaye, kwamba mwenzao alikuwa amewaletea somo zima ndani ya kikombe kimoja: kitu kile kile, kigumu asubuhi, majimaji jua likishapanda. Hakuwaambia. Kicheko kilikuwa kitamu mno, na mtu aliyeonja machungu mengi huwa mroho wa kitu kama hicho.

Siku iliyofuata Asya aliwahi kuliko wote. Alifungua kitambaa cha kijani, ndani mna chupa ndogo ya kioo iliyozibwa kwa nta.

"Hii haigandi, mwalimu," alisema. "Hata kukiwa baridi haigandi. Bibi anasema..."

"Bibi anasema ni maji!" Feruzi aliinua chupa juu darasa zima lione. "Jamani, Asya wetu! Ziwa lote liko mlangoni, hata samaki wamelichoka, yeye anatuletea maji kwa chupa!"

Walicheka, lakini safari hii alimpigapiga begani, akasema ndiyo, hiki kinamiminika, hiki ndicho. Mtoto akatabasamu. Aliona amefaulu, na lile alilotaka kulisema akalimeza.

Feruzi akabandua nta kwa ukucha, akamimina maji kwenye sufuria, akaiteleka juu ya moto wa maganda ya michikichi. Maji yakaanza kunong'ona, kisha yakachemka. Akashika kifuniko juu ya mvuke, matone yakajishika kwa chini.

"Mmeona? Ameona aibu, amerudi!"

Watoto wakagombania kifuniko, wakajipaka yale matone mashavuni, wengine wakalamba vidole. Naye, kwa kuwa somo lilikuwa limenoga, akaiacha sufuria motoni mpaka ikakauka kabisa, ikalia chaa, na chini pakabaki weupe kidogo kama wa chumvi.

Asya alichungulia ndani. "Yamekwenda wapi, mwalimu?"

"Hewani."

"Yanarudi lini?"

"Mvua ikinyesha."

"Mvua ya huku, ao ya Maka?"

Feruzi alikuwa amekwisha kufungua mdomo kwa utani mwingine. Aliufunga. "Kwani haya maji ni ya wapi, mutoto?"

"Ya Maka. Ya Bibi," Asya alisema. "Iko ya kufia."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mji mzima ulijua kwamba Hadji Amur alikwenda hija akarudi na maji ya Zamzam, na kwamba siku ya kukata roho mkewe alimdondoshea midomoni, uso ukamtulia kama wa mtu aliyefika nyumbani. Feruzi alikuwa amesimama mlangoni siku hiyo. Alikiona kitambaa kile cha kijani kikifunguliwa na kufungwa tena. Kilichobaki kilikuwa cha Bi Hindu mwenyewe, na Bi Hindu alikuwa amelala na kifua tangu masika yaanze, majirani wakimwombea kwa sauti ya chini. Asubuhi yote kitambaa kilikuwa mbele ya macho yake, na hakukiona, kwa sababu alikuwa anatazama nani amecheka.

Aliwaruhusu watoto. Akamshika Asya mkono, wakapita kwa wanawake waliokuwa wakigeuza ndagala, dagaa wa ziwani, waliowaanika mchangani. Mmoja akauliza mwalimu leo anatembea kama anakwenda kuzika kwa nini. Feruzi, ambaye hakuwa mtu wa kuacha neno lipite, akaongeza mwendo.

Bi Hindu alikuwa barazani, ameegemea mto, anahema kwa taabu.

"Bibi, naomba usimpige mtoto," Feruzi alisema kabla hajaketi, akamwekea chupa tupu juu ya mkeka.

Mama mzee aliitazama.

"Nani alimwambia alete?"

"Mimi. Nilisema alete kitu kinachomiminika."

"Hakukuambia ni maji gani?"

"Alitaka kuniambia."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nachekesha watu, Bibi."

Bi Hindu aliichukua chupa, akaipindua juu ya kiganja, akangoja. Halikutoka hata tone. Akakifuta kiganja kile kikavu kwenye nguo yake, polepole, kama kilicholowa.

Hapo ingefaa Feruzi anyamaze. Lakini aibu kwake ilikuwa kama kaa la moto mkononi, hakuweza kutulia nayo, na mdomo ukaanza tena.

"Nimekuja kuomba radhi, Bibi. Nimekosa, sina la kujitetea. Ila nakuambia kitu cha kweli, nimekiona melini kwa macho yangu. Maji hayafi. Hayakumwagika, hayakuibwa, yamebadilika tu. Yamekuwa mvuke, mvuke umeingia hewani, na hewa iko hapa hapa, pengine juu ya paa lako. Na kidogo watoto wamejipaka usoni, hiyo ni baraka yao."

"Kwa hiyo yapo," Bi Hindu alisema.

"Yapo, Bibi. Wallahi yapo."

"Hayakupotea."

"Hata tone moja."

Kikohozi kilimshika, kikamtikisa, Asya akamsugua mgongo mpaka kikamwachia. Akajifuta midomo iliyokauka kwa ncha ya mtandio, akamtazama Feruzi bila hasira.

"Vizuri, mwalimu. Basi siku yangu ikifika, njoo uninyweshe hewa."