Maktaba ya Kwenye Picha

Kompyuta iliyowaka asubuhi hiyo ilikuwa moja tu, na darasa zima la kidato cha tatu lilikuwa limeizunguka, wengine wamesimama juu ya madawati, wengine wakichungulia chini ya makwapa ya wenzao.

"Msiamini kitu kwa sababu kimeandikwa vizuri," mwalimu alisema. "Ulizeni: nani kasema? Kajuaje? Nani mwingine anasema hivyo?"

Maswali hayo hakuyatunga yeye. Aliyapata katika shule hii hii, enzi za usichana wake, kwa mkutubi, bibi mmoja aliyejipaka poda shingoni kila asubuhi. Chumba hiki cha kompyuta ndicho kilichokuwa maktaba. Rafu zilifika darini. Kulikuwa na harufu ya gundi na karatasi kuukuu, na bibi alikuwa akikuletea vitabu viwili vinavyobishana, akikwambia kaa navyo mpaka ujue nani mwongo. Mvua ikinyesha, hakuna aliyetaka kengele ilie. Siku hizi rafu zimebaki alama tu ukutani, na kona moja imejaa mifuko ya saruji iliyoganda, ya uzio ambao haukujengwa.

Zoezi la leo lilikuwa kutafuta habari za shule yao wenyewe. Msichana aliyeshika kipanya, ambaye wenzake walimwita Wakili kwa ubishi wake, alifungua ukurasa wa ofisi ya elimu.

"Mwalimu, wanasema tumejengewa maktaba ya kisasa. Mwaka jana! Na picha hii hapa."

Darasa likaangua kicheko. "Labda iko chini ya ardhi!"

"Msicheke, chunguzeni," mwalimu alisema.

Wakili akaisaka ile picha mtandaoni. Mtandao ulijikokota, ukakwama, ukarudi. Picha ile ile ikatokea kwenye tangazo la muuza samani wa nchi nyingine kabisa, la miaka mingi nyuma.

Kicheko kikakatika.

Mkuu wa shule alikuwa mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Alimwita mwalimu nje.

"Dada, umewapa kazi gani hawa? Kesho ofisa wa elimu anakuja. Mmoja akifungua mdomo, mimi na wewe tumekwisha."

"Kaka, ulitia saini kwamba maktaba ipo?"

Mkuu alitazama viatu vyake. "Waliniletea hati imeshaandikwa. Ningefanyaje?"

Walikuwa wamesoma darasa moja, wakigombea kiti cha dirishani humo humo ndani.

"Unamkumbuka bibi mkutubi?" mwalimu aliuliza.

"Na poda yake." Mkuu akatabasamu kama kijana. "Alinifukuza kwa kucheka." Halafu tabasamu likazimika, akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo. Chumba kifungwe mpaka wageni wapite. Kesho wafundishe kitu kingine."

Alimpa. Wanafunzi wakatoka, mlango ukafungwa.

Wakili alimsogelea mwalimu. "Sasa kwenye zoezi tuandike nini?"

Mkuu alikuwa bado karibu, anasikia. Mwalimu alijua hivyo.

"Andikeni mlichokiona," alisema kwa sauti. "Na chini yake, mlikionea wapi."